Hakuna Tai Aliyekufa

Taarifa ya Januari ilipofika Riyadh ikisema kwamba hakuna hata tai mmoja aliyekutwa amekufa chini ya laini mpya ya umeme, watu wa ofisini walipiga makofi. Bosi Nawaf aliagiza keki za basbusa na kahawa kwa kila mtu. Mwikali, mtaalamu wa ndege wa mradi, peke yake ndiye aliyebaki ameduwaa, kijiko mkononi, akijiuliza ni nani anayemdanganya.

Hakuwa mtu wa kutilia watu shaka ovyo. Ila alikuwa anawajua tai. Alizaliwa Mutomo, huko Kitui, na tangu utotoni aliwaona wakishuka mashambani mvua za Novemba zinapoanza na kumbikumbi wanapotoka ardhini. Midege mikubwa ya rangi ya udongo, inatembea kwa miguu kama kuku, inadonoa kumbikumbi hadi inashiba. Baadaye, alipokuwa akisomea mambo ya wanyama na ndege Eldoret, aliambiwa kuwa wageni hao hutoka Urusi na Kazakhstan, na kupita juu ya Arabuni kuelekea kwao Ukambani. Wengine hawafiki. Wanakuta madampo makubwa nje ya Jeddah, wanaona chakula kipo, wanakaa hapo majira yote ya baridi.

Na laini mpya ilipita ubavuni mwa dampo. Nguzo zake zilikuwa za chuma, mikono mifupi, nyaya zimekaribiana. Tai akitua juu yake na kukunjua mabawa, bawa moja linagusa waya, mguu uko kwenye chuma, na mambo yamekwisha. Mwikali alishauri nguzo zifunikwe tangu mwanzo. Kampuni ikasema muda umepita, vyuma vimeshasimama. Ndipo yakafanyika makubaliano ya fidia. Migunga iliyokatwa bondeni ingepandwa upya, na kweli ilipandwa na ilikuwa inaota vizuri. Kwa upande wa ndege, kampuni iliahidi kufunika nguzo za laini kuukuu iliyo jirani, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa inaua ndege bila mtu kujali, ili wanaookolewa kule wawe wengi kuliko wanaouawa huku. Nguzo ngapi? Hilo lingetegemea ndege wangapi wamekutwa wamekufa chini ya laini mpya. Wakiwa wengi, nguzo nyingi zinafunikwa. Wasipokuwepo, hakuna fidia.

Sasa majira ya baridi yalikuwa yanaelekea ukingoni, na kila taarifa ilikuwa inasema hawapo.

Alimpigia Dalmas, mratibu wa mradi kule Jeddah. Dalmas alikuwa kama kaka yake. Ndiye aliyempokea uwanja wa ndege siku ya kwanza, akiwa na chupa ya chai ya maziwa kwapani, akamzungusha maofisini mpaka ikama yake, kibali cha kuishi nchini, ikatoka.

“Dalmas, hizi sifuri zenu zinanikosesha usingizi,” alimwambia.

Dalmas alicheka. “Dadangu, wenzako wanaombea sifuri, wewe unazilalamikia?”

“Laini imepita kando ya dampo. Haiwezekani.”

Kisha Dalmas akashusha sauti. “Mimi nakaa ofisini, Mwikali. Anayetembea chini ya nyaya kuhesabu mizoga ni Frankline na vijana wake. Sitaki kumharibia mtu jina. Lakini nasikia anatoka peke yake alfajiri, kabla ya wenzake kuamka. Anaenda kutafuta nini, sijui.”

Mwikali hakuwahi kuonana na Frankline uso kwa uso. Alimjua kwa sauti tu, sauti nzito isiyopenda maneno mengi. “Ndiyo, Madam. Nimepeleka, Madam.” Taarifa zake zilipitia kwa Dalmas kwanza. Usiku ule alijigeuzageuza kitandani, na asubuhi akamwomba bosi Nawaf ruhusa ya kwenda Jeddah kabla ya kikao kikubwa cha wafadhili.

Nawaf alimtazama juu ya miwani. “Kuna tatizo?”

“Hapana, bosi. Nataka tu kuangalia kwa macho yangu.”

“Yalla, nenda,” alisema Nawaf. “Lakini kikao kiko Jumanne. Usiniletee mambo mapya.”

Maneno hayo ya mwisho hakuyapenda, lakini aliyameza.

Alipanga chumba Jeddah, mtaa wa Sharafiya, juu ya duka la simu. Kesho yake alikwenda soko la kuku akaomba kuku waliochinjwa ila wasinyonyolewe. Muuzaji, Myemeni mmoja mchangamfu, alidhani hajaelewa Kiarabu cha mteja wake. “Na manyoya?” aliuliza mara mbili. “Na matumbo?”

“Na kila kitu,” alisema Mwikali.

Ni mbinu ya kawaida katika kazi yao. Mtu asipoona mizoga, inabidi ajue kama haipo au kama kuna anayeiondoa. Unaweka mizoga yako mwenyewe, unarudi kesho, unaangalia imebaki nini. Alimfunga kila kuku uzi wa buluu mguuni, akamwambia Dalmas peke yake, na Dalmas akampa gari la ofisi bila swali. Alasiri aliwatandaza kuku wake, wengine chini ya nguzo zilizo karibu na njia ya magari, wengine mbali kule kwenye mawe. Juu yake tai walikuwa wanazunguka, mabawa yamenyooka, kwa wingi kiasi kwamba vivuli vyao vilipita juu ya mchanga kimoja baada ya kingine.

Asubuhi alipata jibu ambalo hakulipenda. Kuku wa kwenye mawe walikuwa wameraruliwa na mbweha, manyoya yametapakaa kila mahali. Wale wa karibu na njia walikuwa wametoweka wote. Hakuna unyoya. Hakuna tone la damu. Mbweha hasafishi meza baada ya kula.

Palikuwa na nyayo za buti mchangani, kubwa ajabu. Dalmas, aliyekuwa amefuatana naye akiburuza mguu kidogo kama kawaida yake, alichuchumaa akazitazama, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

“Jeddah nzima hakuna mwenye mguu kama huu isipokuwa Frankline,” alisema. “Pole, dadangu. Nilitamani niwe nimekosea.”

Wakamkuta Frankline nguzo kadhaa mbele, na vijana wake wawili. Alikuwa pande la mtu, uso umekauka kwa upepo, na hakumtazama Mwikali machoni. Alimtazama Dalmas kwanza, kisha buti zake mwenyewe.

“Frankline, leo umepita huku ukaona kuku?” Mwikali aliuliza.

“Kuku gani, Madam?”

Alikuwa anadanganya. Hata mtoto angeona. Kisha akaongeza, polepole, “Madam, taarifa zangu huwa unazisoma?”

“Nazisoma zote.”

“Zote?” Frankline alitikisa kichwa, akageuka, akaendelea kutembea.

Jeuri gani hii, Mwikali alijisemea. Alipofika Sharafiya alikuwa ameshaamua kwamba hatamwandikia mtu barua wala kumshtaki kwa bosi kabla ya kumkabili nyumbani kwake, ana kwa ana, bila Dalmas kusikia. Kwa nini hakutaka Dalmas asikie, hakujua. Alihisi tu hivyo. Alitafuta anwani katika kumbukumbu za ofisi, akachukua teksi hadi mtaa wa Al-Mahjar.

Ilikuwa jioni ya mapema, watu wakitoka sala ya alasiri. Mlango ulifunguliwa na mwanamke aliyevaa sare ya unesi, viatu mkononi, macho mekundu kwa uchovu. Huyu alikuwa Stacy, mke wa Frankline.

“Wewe ndiye Madam wa Riyadh,” alisema kabla ya salamu. Haikuwa swali.

“Ndiyo. Naitwa Mwikali. Frankline yuko?”

“Ametoka kununua mkate. Umekuja kuwachukua?”

“Kuwachukua akina nani?”

Stacy alimtazama kwa muda, kama anayepima mgonjwa kabla ya kumwamini. Kisha akamshika mkono akamvuta ndani, mpaka jikoni. Pale, palipopaswa kuwa na meza, palikuwa na friza kubwa la kulala, la aina ile ya kuuzia aiskrimu madukani.

“Mimi nimechoka,” Stacy alisema. “Natoka zamu nataka kula samaki, siwezi kuweka samaki. Nataka kuweka nyama, hakuna mahali. Kila nikifungua naangaliwa na macho. Wachukue, tafadhali! Hata mkitufukuza, mtufukuze, lakini kwanza wachukue.”

Akainua kifuniko.

Mwikali aliona kwanza miguu. Miguu ya njano, vidole vimekunjamana, baadhi vimechomeka na kuwa vyeusi. Kila tai alikuwa amefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kipande cha karatasi kilichoandikwa namba ya nguzo. Walipangwa kwa adabu, kichwa huku, mkia kule, na friza lilikuwa limejaa hadi juu. Na juu ya wote, wamelaliana ubavuni, walikuwa kuku wake wenye nyuzi za buluu.

“Stacy.”

Frankline alikuwa amesimama mlangoni na mkate mkononi. Alikuwa anamtazama mkewe kwa namna ambayo Mwikali alitamani ardhi ipasuke immeze.

“Umemwonyesha,” Frankline alisema.

“Nimemwonyesha. Afanye atakalo.”

Frankline aliweka mkate chini. “Haya, Madam. Umeshinda. Sasa unawaita polisi, au kwanza unamwita Dalmas aje kuwachoma?”

“Kuwachoma?” Mwikali alisema. “Frankline, wewe ndiye umewaficha! Kila mwezi mimi napokea taarifa kwamba hakuna!”

“Mimi sijawahi kuandika hakuna. Tangu Novemba naandika tai, nguzo, na tarehe. Nampa Dalmas mkononi. Halafu taarifa zinarudi kutoka Riyadh zikisema hakuna, na chini yake kuna jina lako. Ungekuwa mimi ungefikiri nini?”

Mwikali aliinama juu ya friza akasoma kikaratasi kimoja.

“Nikaanza kuona mizoga inapotea,” Frankline aliendelea. “Naiona jioni, nikirudi asubuhi na vijana haipo. Nikasema, basi, nitatangulia. Nikawa natoka alfajiri naichukua kabla hawajaichukua. Nilijua siku moja mtu atauliza. Leo alfajiri nikakuta kuku wana nyuzi. Nikajua ni wewe. Nikadhani unapima kama wasafishaji wako wanafanya kazi sawasawa, nikawachukua nao wawe ushahidi.”

“Wasafishaji wangu?”

“Wako, wa Dalmas, mimi najuaje?”

Friza lilikuwa linanguruma katikati yao. Mwikali alitaka kumwamini, lakini moyo ulikuwa unamwambia asubiri. Mtu aliyejaza nyumba yake mizoga anaweza kutunga hadithi yoyote. Na Dalmas ndiye aliyemletea chai uwanja wa ndege. Je, inawezekana?

Akatoa simu, akaweka sauti ya nje, akampigia Dalmas mbele yao.

“Dalmas, nimeshindwa,” alisema. “Huyu Frankline hanipi kitu. Narudi Riyadh. Ila nimeacha kuku wengine chini ya nguzo za karibu na kilima, zile za mwisho. Waache tu walale, nitamwomba mtu awaangalie keshokutwa.”

“Usijali, dadangu,” Dalmas alisema kwa upole. “Safiri salama.”

Mwikali alikata simu. “Hakuna kuku yeyote kilimani,” aliwaambia. “Na nimemwambia Dalmas tu, kwa hiyo atakayekuja kuwatafuta ametoka kwake. Kesho nataka tukakae kule juu ya mawe, mimi na nyinyi wawili.”

Stacy aliachia cheko fupi la mtu asiye na nguvu. “Na zamu yangu?”

“Badilishana na mtu,” Frankline alimwambia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ililainika. “Twende wote.”

Jua lilipoanza kuchomoza walikuwa wamelala kifudifudi nyuma ya mawe, darubini inapita mkono kwa mkono. Muda mrefu hawakuona chochote isipokuwa moshi wa dampo na tai wakiamka mmoja mmoja. Kisha pikapu ikaja, taa zimezimwa. Ilisimama chini ya nguzo ya kwanza ya kilimani. Wanaume wawili walishuka wakaanza kupekua vichaka. Mtu wa tatu alishuka upande wa abiria, akavaa glavu za mpira, akasimama akiwaelekeza kwa kidole.

Mwikali aliishika darubini mpaka mikono ikamuuma. Kofia ile aliijua, na mwendo ule wa kuburuza mguu kidogo pia aliujua.

Hawakupata kuku, bila shaka. Lakini chini ya nguzo ya nne walipata tai aliyekufa usiku ule, na Dalmas mwenyewe alimshika bawa akamtia kwenye gunia.

“Sasa?” Frankline aliuliza.

Mwikali alikuwa anajifuta macho kwa kilemba chake. Hakutaka wamwone. “Sasa hapa Jeddah hatumwambii mtu. Hapa kila kitu kinapita kwa Dalmas. Kikao ni kesho. Wafadhili watakuwepo, na watu wa idara ya wanyamapori watakuwepo. Tunawapeleka tai Riyadh kwa gari lako.”

Wakawapanga tai katika masanduku ya kuhifadhia samaki, barafu juu na chini, wakafunga kwa kamba. Stacy alikataa kubaki. Alisema mume wake hatapotelea jangwani na mizoga ya watu bila yeye kujua. Walishika barabara ya pembeni isiyopita Makka, wakapanda milima hadi Taif, nyani wakiwatazama kutoka ukutani mwa barabara, na kutoka hapo njia ikanyooka. Mwikali alikaa nyuma akitazama kisogo cha Frankline, akiwaza: na kama hawa wawili pia wana lao? Kwa nini alingoja muda wote huu? Kwa nini hakunipigia mimi moja kwa moja? Naye Frankline kila mara alikuwa anamtupia jicho kwenye kioo.

Mbele ya Taif walikuta kizuizi cha polisi. Askari kijana alichukua ikama zao, akazunguka gari, akagonga sanduku la nyuma.

“Hii nini?”

“Samaki,” Frankline alisema haraka, na papo hapo Mwikali alijua amekosea. Nani anatoa samaki mjini Jeddah kwa gari dogo?

“Fungua.”

Kamba ilifunguliwa. Kutoka kwenye barafu ulichomoza mguu wa njano, kucha nyeusi kama ndoano. Askari aliruka nyuma, akaita wenzake. Ndani ya dakika chache walikuwa wametenganishwa, Frankline kwenye chumba kimoja, Stacy kwenye kingine, Mwikali peke yake kwenye benchi chini ya feni. Waliambiwa kuua tai na kumsafirisha ni kosa, na faini yake si ya mchezo. Waliambiwa wasiguse simu.

Pale kwenye benchi Mwikali aliuonja woga wa kweli. Kafili wake, mwajiri aliyemdhamini kuingia nchini, akisikia, ikama imekwisha. Na Frankline yuko chumba kile, anasema nini? Angetaka kujiokoa, ni rahisi tu: hawa ni ndege wa Madam, mimi ni dereva. Mwikali angekuwa na nini cha kujibu? Friza lilikuwa nyumbani kwa Frankline, kweli, lakini taarifa zote zilizosema hakuna zilikuwa na jina lake yeye.

Ofisa mwenye nyota begani aliingia akaketi mbele yake. Mwikali hakusubiri kuulizwa.

“Mradi huu ni wangu,” alisema kwa Kiarabu chake cha kuungaunga. “Ndege hawa ni jukumu langu. Hao wawili wamenisindikiza tu. Umeme ndio uliowaua. Nawapeleka Riyadh ili waonekane.”

Ofisa aligeuka kumwangalia askari mlangoni, na wote wawili wakaangua kicheko.

“Yule mume anasema ni yeye peke yake, wanawake hawajui lolote,” ofisa alisema. “Mke anasema friza ni lake, kwa hiyo ndege ni wake. Nimefanya kazi hapa miaka mingi. Watu nikiwakamata na kitu, kila mmoja anamsukumia mwenzake. Nyinyi ni watu wa namna gani?”

Mwikali aliangalia chini, na aibu ikampata kwa yote aliyoyawaza barabarani.

Hata hivyo hawakuachiwa. Walingoja maofisa wa wanyamapori kutoka Taif usiku kucha, na saa ya kuanza kikao ilifika na kupita wakiwa bado kizuizini. Maofisa wawili walikuja, wakavaa glavu, wakawatoa tai mmoja baada ya mwingine juu ya turubai. Mkubwa wao, mtu mnyamavu, alikuwa anafungua vidole vya kila ndege na kunusa. Palipochomeka alipaonyesha kwa kalamu.

“Hawakupigwa risasi,” alimwambia polisi. Kisha akamgeukia Mwikali. “Laini gani?”

Mwikali alimwambia. Frankline alisogea akaanza kumtajia nguzo kwa nguzo, kutoka kwenye vile vikaratasi. Yule mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akatoka nje na simu sikioni.

Yaliyotokea Riyadh Mwikali aliyasikia baadaye kutoka kwa Lydia, karani wa ofisi. Bosi Nawaf alikuwa amesimama mbele ya wafadhili, ameshafika kwenye sehemu ya ndege, ameshasema kwamba laini haijaua tai hata mmoja na kwa hiyo hakuna fidia inayodaiwa. Mwakilishi wa wanyamapori aliyekuwa amekaa safu ya mbele alitoka kupokea simu. Aliporudi, alimwomba bwana Nawaf, kwa heshima zote, arudie sehemu ile.

Halas, kikao kiliishia hapo.

Miezi iliyofuata mafundi walipanda nguzo za laini kuukuu na kuzivika vifuniko vya plastiki kuanzia dampo hadi kilima. Wafadhili hawakuridhika na hilo, wakalazimisha nguzo mpya nazo zifunikwe. Tai bado wanakufa, maana nguzo Arabuni ni nyingi, lakini kando ya dampo lile wanatua, wanajikung'uta mabawa, wanaondoka zao. Frankline alinyimwa mkataba mpya na kampuni bila maelezo. Alikaa nyumbani hadi Stacy akaanza kumlalamikia zaidi kuliko alivyolalamikia friza, kisha wafadhili wakamchukua atembee chini ya laini kwa niaba yao, chini ya kafili mwingine.

Dalmas alirudishwa Kenya. Alimpigia Mwikali akiwa uwanja wa ndege, na Mwikali nusura asipokee.

“Sipigi kuomba msamaha,” Dalmas alisema. Sauti yake ilikuwa ileile, ya kaka. “Walikuwa ndege tu, na mimi nina watu wanaonitegemea. Lakini nikuulize kitu, dadangu. Unafikiri mimi niliamka siku moja, nikaamua peke yangu kuzoa mizoga jangwani? Mimi ningepata faida gani?”

“Nani alikutuma?”

“Wewe si mwerevu? Ulikuja mpaka Jeddah na kuku. Tafuta.” Akakata.

Kesho yake bosi Nawaf alimwita ofisini. Alimmiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, akasifu uaminifu wake, akasema kampuni inajivunia kuwa na mtu kama yeye. Alisema Dalmas alikuwa amewadanganya wote. Aliposema “wote” alitabasamu. Mwikali alikipokea kikombe, akakumbuka ile “usiniletee mambo mapya,” akanywa taratibu huku akimtazama usoni, akitafuta dalili yoyote. Uso wa Nawaf ulikuwa laini, hauna kitu.

“Unataka nini, Mwikali?” Nawaf aliuliza. “Niambie. Cheo? Likizo?”

“Nihamishie Jeddah, bosi,” alisema. “Nataka kukaa karibu na kazi.”

Tabasamu la Nawaf lilichelewa kidogo tu, kama taa inayokatika na kurudi. Kisha akasema inshallah.

Wiki ile ile Mwikali alifunga virago. Stacy alikuwa ameshamtafutia chumba Al-Mahjar, mtaa wa pili kutoka kwao.